Tofali la Masenge

Enzi zetu pale Makere, maumivu ya hedhi hayakuwa na jina. Kila mwezi wasichana tuliugua "malaria", na mwalimu wetu, mwanamume mpole, alitupa pole na kutuhimiza tulale kwenye chandarua!

Basi siku ya fainali ya mpira wa pete dhidi ya Nyakitonto, malaria yangu ikanishika asubuhi. Na mfungaji ni mimi! Nilijikunja jikoni nikalia, maana mwaka mzima nilikuwa nikirusha mpira kwenye kitanzi nilichofunga kwenye mchikichi. Mama alijifanya anachagua maharage, kwa sababu kwetu mambo ya msichana ni ya masenge, dada yake baba. Masenge akaja, akachukua tofali lililobaki tulipojenga choo, akalipasha moto, akalizungushia kitenge kikuukuu na kuniwekea tumboni.

"Tulia, mwana wanje," alisema, yaani mwanangu kwa lugha yetu. "Utacheza."

Nikacheza kweli! Lakini ilipofika mapumziko tumbo likarudi kwa hasira. Masenge alikuwa amelileta tofali kwenye kapu, kalifunika vizuri kama ugali wa wageni. Nikakimbilia nyuma ya madarasa nikalikumbatia. Mara akatokea mlinzi wa Nyakitonto, yule mrefu aliyenibana tangu mwanzo, kashika kiuno.

"Dada, hilo lina moto?"

"Lina moto."

"Na mimi nina malaria."

Jamani, tulicheka! Wakaja na wengine, wetu na wao, tofali likapita tumbo hadi tumbo mpaka filimbi ikalia. Tukashinda, na yule mlinzi akanikumbatia kama ndugu.

Siku hizi binti yangu humwambia baba yake mezani, "Baba, niko kwenye siku zangu, nipitie duka la dawa." Mara ya kwanza kikombe kilinidondoka! Nafurahi, tena sana. Ila akishameza kidonge hujifungia chumbani peke yake na simu, anawatumia wenzake vikatuni vya machozi, eti ndiyo kupeana pole.

Juzi nikampelekea tofali la moto. "Mama, tunajenga?" akauliza. Lakini alilipokea, akasogea ukutani, nami nikajilaza kando yake nikimsimulia malaria yetu. Alicheka mpaka simu ikaanguka uvunguni, asiitafute. Natamani Masenge angekuwa hai asikie kicheko kile, mlango ukiwa wazi na baba mtu akiuliza kutoka sebuleni, "Mnacheka nini huko?"