Mahali Mzee Aliponyamaza

Waliokuwepo siku ya mahari ni hawa. Mzee wangu, mwenye boma. Mimi mkewe, kwenye kiti cha kushoto kwake. Kaka yake mdogo, upande wa kulia. Binti zetu wawili. Mjukuu wetu aliyekuwa anatolewa mahari, na mdogo wake aliyeshika kamera. Wageni, watu wa bwana harusi, walitoka Matungu. Majina ya wote ninayo, hata la mtoto aliyelala mgongoni mwa shangazi ya bwana harusi, lakini wengine hawapendi kuandikwa, kwa hivyo nawaacha kwa undugu wao.

Mzee alituacha mwaka huo huo, mahindi yakiwa bado shambani. Picha za kusimama ninazo. Sauti yake iko kwenye ile video tu. Basi nikamwomba yule mjukuu mdogo aniletee. Yeye anapanga nyumba Shirere, na kazi yake ni kuhariri video za harusi na matanga. Akaja hapa Chekalini na kompyuta yake, akaiweka juu ya meza, tukaangalia.

Mzee akasimama, akaanza kutambulisha watu wake. Binti yangu huyu, binti yangu yule, kaka yangu huyu. Pa, pa, pa, kama mtu anauza mitumba.

"Mbona kuka, babu yako, anakimbia?" nikauliza.

"Hakimbii, kukhu. Ni AI imemnyoosha. Siku hizi sikati kwa mkono. Naiambia tu, toa mahali hakuna mtu anaongea, toa kelele za nyuma, nayo inatoa. Watu hawangoji. Video ikinyamaza kidogo, wanahama."

"Mimi nitahama niende wapi?"

Akacheka. Mimi sikucheka. Yule mzee ukimuuliza kama amekula, ungeosha sufuria kabla hajakujibu. Huyu wa kwenye kompyuta alikuwa na koti lake na sauti yake, lakini hakuwa yeye.

"Ile ya kwanza iko, ama mashine imeikula?"

"Kadi ya kamera nilishatumia kwa harusi ingine," akasema polepole. "Labda nilihifadhi mahali. Wacha nitafute."

Nikaenda jikoni kupika obusuma. Maji yakachemka, nami nimesimama na unga mkononi, siutii, nasikiliza vile anabonyezabonyeza.

"Iko, kukhu."

Nikaacha maji hapo hapo.

Sasa alikuwa yeye. Anasimama, anashika kiti, anamwangalia binti yetu mkubwa na kunyamaza. Kuku wanalia nje. Halafu sauti ndogo inataja jina kutoka pembeni, na mzee analisema kwa nguvu, watu wanapiga makofi. Anamgeukia mwingine. Ananyamaza tena.

"Ni nani huyo ananong'ona?"

"Ni mimi."

Majina yalikuwa yameanza kumtoroka, na hatukuwa tumemwambia mtu. Kwetu mwenye boma ndiye husimama kutambulisha watu wake mmoja mmoja, na ukirukwa, unaweza kuchukua kofia yako uende bila kugusa ingokho, yule kuku wa wageni. Kwa hivyo nilimnong'onezea, mtu kwa mtu, yeye akingoja. Wageni walifikiri ni uzito wa mzee.

"Kumbe ndiyo kelele ya nyuma," mjukuu akasema. "AI ilikutoa, kukhu."

"Ilinitoa pamoja na kuku."

Akaanza kucheka, akaacha.

Mwisho mzee akanigeukia mimi. Hapo sikunong'ona. Nitamkumbushaje mume wangu jina langu mwenyewe? Katika ile iliyokatwa anasema mara moja, "Na huyu ni wangu," makofi yanalia. Hata mimi nilikuwa nakumbuka hivyo. Katika hii ananiangalia. Mdomo unafunguka, unafungwa. Kaka yake anaangalia chini. Kuku mmoja anaingia mpaka kati ya viti na kutoka. Ndipo anasema, "Na huyu ni wangu."

"Hapa je, nikate?" mjukuu akauliza, sauti chini.

"Wacha."

Aliniwekea yote kwenye simu, nami huiangalia nikimaliza kazi za asubuhi. Siku nyingine naona alikuwa ananitafuta. Siku nyingine naona alikwisha kunipata, ananiangalia tu, hana haraka. Midomo yake inacheza kidogo kabla ya lile neno, lakini kamera ilikuwa mbali. Na mtu akipita barabarani, bado jina lake linanijia, na kichwa changu kinageuka kulia, kwenye kiti chake, nimwambie.

Ninyi mliokuwepo, kama kuna mtu nimemkalisha mahali si pake, au neno nimelipindua, nirekebisheni, mimi ni mzee sasa. Na kama mlikaa upande wake wa kulia, mkamsikia akitaja jina langu, hata kwa sauti ya chini, njooni mniambie.