Alama Mbili za Rangi Nyekundu

Kwa zaidi ya miaka ishirini nimekana jambo moja, mwanangu, na nimelikana vizuri, kama mtu aliyelisomea. Ni mimi niliyeigusa baiskeli ya mbio ya kaka yangu Kabange, ambaye namwita yaya, yaani mkubwa wangu, siku moja kabla ya mashindano ya barabara ya Likasi.

Naikumbuka Jumamosi ile. Nilikuwa msichana wa mwaka wa pili wa fizikia chuoni, umri ambao mtu anadhani dunia inamsubiri aieleze. Mnyororo ulikataa kupanda kwenye gurudumu kubwa la meno, pale kwenye pedali. Yaya alikuwa amejipumzisha, nikachukua bisibisi. Kile chuma cha mbele kinachousukuma mnyororo, dérailleur, kina skrubu mbili ndogo, ya ndani na ya nje, zinazokizuia kisivuke mpaka. Nikalegeza ya ndani, kwa ujasiri wa diploma ambayo bado sikuwa nayo. Wahenga walisema usipoziba ufa utajenga ukuta. Mimi nilibomoa ukuta usio na ufa.

Jumapili, kwenye mlima wa kwanza, yaya akashusha gia. Mnyororo ukapita gurudumu dogo, ukaangukia ndani, ukakwama kwenye fremu. Wenzake wakaenda zao.

Kesho yake akamwendea Mzee Ramazani, fundi wa mtaa wa Kenya, hapa mjini kwetu, aliyekuwa ameitengeneza baiskeli juma lile. "Mikono yako ilishazeeka, papa. Sitarudia hapa." Akaiacha baiskeli chini, akaondoka kwa miguu. Wateja walisikia, na fundi hana duka zaidi ya jina lake. Mimi nilikuwa pale, nikitazama viatu vyangu.

 Mzee akaniita nisogee: "Kuya, mama. Angalia."

Alikuwa na desturi yake. Akimaliza kazi, hutia tone la rangi nyekundu juu ya kila skrubu, ili ikizungushwa alama ivunjike.

"Alama mbili zilivunjika," akasema.

Mimi nilizungusha moja tu. Nikadhani macho ya mzee yameanza kuona vitu mara mbili. Nikasema sijui kitu.

Hakunishitaki. Akanifundisha. Kwanza, chuma kile kikae juu ya meno makubwa kwa unene wa sarafu, kikielekea sawa na mnyororo. Kisha waya unaokivuta chuma hicho. Ulikuwa umelegea, basi. Akaukaza, mnyororo ukapanda bila kunung'unika. Mwisho kabisa ndipo akazirudisha skrubu mahali pake.

"Vis, hii skrubu, iko ukuta tu, mama. Waya njo inavuta. Mugeni akikawia kufika, unabomoa ukuta?"

Nimewasikiliza maprofesa wengi tangu hapo. Hakuna aliyenieleza jambo kwa uwazi ule, wala aliyebeba kosa langu kwa utulivu ule. Na yaya hakukanyaga tena pale.

Basi, mwanangu, kitu kikikataa, tafuta kwanza kilicholegea, ndipo uguse kinachozuia. Na ukikosea, sema siku hiyohiyo. Njia ya mwongo ni fupi, lakini mimi nimeizunguka miaka ishirini. Mungu akupe mikono ya Mzee Ramazani, na ulimi usiochelewa kama wangu.

Juzi nilimwona mzee, angali kwenye benchi lake, akitia rangi. Nikampigia yaya, ambaye sasa anaishi Kambove, nikaungama yote.  

"Wee ulizungusha ya ndani?"

"Ya ndani, yaya."

"Ile ya inje," akasema polepole, "njo mimi nilizungusha. Asubuhi ya mbio." Akakohoa. "Papa Ramazani anafungua saa ngapi?"

"Saa mbili."

"Kesho uningoje pa mulango, mudogo. Usiingie bila mie."