Nilivyomnyoa Babu kwa Wembe wa Kukunja

Enzi zetu, wenzangu tuliokulia Songea, ndevu zilikuwa kazi ya Jumamosi. Si hizi za vijana wa leo, zinazopakwa mafuta na kuchanwa utadhani nywele za bibi harusi. Jumamosi jioni maji yakishapata moto, wazee walitoka uani na vioo vyao vidogo, wakavitundika kwenye misumari, wakaanza kukunja nyuso huku na huku mpaka sisi watoto mbavu hatuna. Jumapili kanisani kila kidevu kiling'aa. Asiyenyoa alijulikana ama ni mgonjwa ama amefiwa, na watu walimpa pole kabla hawajauliza.

Nyumbani kwetu Msamala tulikuwa wengi, na tulilelewa na babu na bibi kama vifaranga. Jamani, baridi ya mwezi wa sita mnaikumbuka? Ukungu unashuka kutoka Matogoro, tunakwenda shule pekupeku, mfukoni una gimbi la kuchoma, nusu ya kula na nusu ya kupashia mikono. Jioni tunacheza rede mpaka mpira wa soksi hauonekani. Shule ikikaribia kufunguliwa, Bibi anatupanga foleni uani, wasichana kwa wavulana, anatunyoa vipara vyote vya ukoo kwa siku moja. Ukilia, anakuambia kichwa kinachotikisika ndicho kinachokatwa. Leo mtoto wa darasa la pili anamchagulia kinyozi mtindo, tena ananuna asipopatiwa.

Babu alikuwa na wembe wake wa kukunja, ule wa zamani wenye mpini mweusi wa pembe. Hakuna aliyeugusa. Aliunoa kwenye jiwe mara mojamoja, na kila Jumamosi aliupitisha kwenye mkanda wa ngozi uliofungwa mlangoni, pwa, pwa, pwa, tukajua kesho ni Misa. Alikuwa na masharubu mazito yaliyoficha mdomo wote wa juu, ameyafuga tangu ujana, na alikuwa akiringa nayo. Mimi alikuwa akiniita mke wangu, kama babu wote wanavyowaita wajukuu wa kike, na Bibi aliniita mke mwenza, akinituma maji kwa jina hilohilo.

Basi nikiwa darasa la sita, Shangazi akapata mchumba, mwalimu aliyekuwa akifanya kazi Tunduru. Shangazi alikuwa binti pekee wa Babu, tena kitinda mimba. Harusi ikapangwa, Babu ndiye wa kumshika mkono binti yake na kumwingiza kanisani. Lakini mikono ya Babu ilikuwa imeanza kutetemeka. Jumamosi moja, wiki chache kabla ya harusi, alitoka uani shavu lote linavuja damu, amejibandika vipande vya gazeti huku na huku. Hakuna aliyethubutu kucheka. Jumamosi iliyofuata ikawa vilevile. Akakaa kwenye kigoda chake, akatangaza kwamba mdogo wake ndiye atakayemwingiza Shangazi kanisani. Yeye hawezi kusimama mbele ya wakwe kutoka Tunduru na uso kama gogo la kukatia nyama, wala hawezi kwenda na ndevu kama mtu wa msibani.

Shangazi alilia jikoni, machozi yakidondokea kwenye chungu cha maharage. Hakutaka baba mdogo. Alimtaka baba yake.

Mngesema, si anyolewe na mtu mwingine? Ndivyo baba yangu naye alivyosema. Babu akamkatalia palepale. Mwana wa kuzaa, alisema, hamshiki babaye kidevu, ni utovu wa adabu. Kinyozi wa Majengo je? Huyo ndiyo kabisa, maana ili akunyoe juu ya mdomo lazima akubane pua, na Babu hakuwa tayari kubanwa pua na mwanaume asiyemjua ukoo. Zikapita siku mbili za kununiana. Ndipo Bibi, akipepeta mahindi, akatamka kwa mzaha tu kwamba kama mtoto haruhusiwi, basi mjukuu ni mtani, mtani hana adabu ya kuvunja, na huyo mke mdogo yupo amekaa bure anakula ugali. Tukacheka sote. Babu peke yake hakucheka. Aliniangalia mikono.

Kesho yake akaniita. Nikadhani nitashikishwa wembe. Thubutu! Wiki nzima ya kwanza nilifundishwa mkanda tu. Unatanguliza mgongo wa wembe, makali yanafuata nyuma, ukifika mwisho unageuza kwa mgongo, hukandamizi. Siku ya kwanza niliupitisha makali mbele nikauchana mkanda wa watu. Babu alivuta pumzi ndefu, akaniambia nianze upya.

Kisha yakaja mafyulisi. Wa Songea wenzangu mnayajua, yale matunda yenye manyoya laini kama shavu la mvulana anayebalehe. Babu alinichumia kapu zima. Nilipaka povu la sabuni ya mche kwa burashi, nikashika wembe, nikanyoa. La kwanza nililimenya. La pili nililikata mpaka kokwa. Utaratibu ulikuwa kwamba kosa linaliwa na aliyekosea, na ndugu zangu walikaa pembeni kwenye mchanga wakiniombea nikosee sana, nishindwe kuyamaliza, wapate kuonja. Tumbo liliniuma siku mbili. Babu hakunihurumia. Alikuwa akinirudia neno moja tu, kwamba kinachonyoa si wembe, ni ngozi iliyovutwa vizuri. Mkono wa kushoto ndio fundi, wa kulia ni kibarua. Ulaze wembe, usiusimamishe. Fuata ndevu zinakolala. Bibi akipita na ndoo yake anatupia neno kwamba mzaha mzaha hutumbuka usaha, shauri yenu. Mpaka siku moja nikalinyoa fyulisi likabaki jekundu, linateleza, halina hata mkwaruzo. Babu alilizungusha kwenye mwanga, akalila yeye.

Asubuhi ya harusi uwanja ulijaa watu. Wageni wa Tunduru walikuwa wamefika jana yake na gunia la korosho, wamechoka, vumbi la njia bado limo kwenye nyusi. Vijana wa lizombe, mchezo wetu wa asili, walikuwa wanajaribu ngoma. Babu alikaa chumbani kwake, taulo shingoni, macho ameyafumba. Mdogo wake naye alikuwa amevaa suti na kukaa sebuleni, maana Babu alikuwa amesema wazi kwamba nikimkata hata mara moja, hatoki.

Wenzangu, mimi sijawahi kuogopa kama siku ile, hata mtihani wa darasa la saba ulikuwa mchezo. Nilimvuta Babu shavu kwa vidole vyangu. Ngozi ya mzee si kama ya tunda. Ni laini, inahama, ina mikunjo inayojificha ndani ya mikunjo. Nikalaza wembe. Krrr. Ukapita. Shavu la kulia likaisha, la kushoto likaisha, shingo ikaisha nikiwa hata sipumui, na damu hakuna. Yakabaki masharubu, ya kunyoosha ukingo tu. Nikambana pua. Ndipo mashangazi wa ukoo, nje ya dirisha, wakapiga vigelegele vya ghafla.

Nilishtuka. Nikatazama wembe, nusu ya masharubu ya Babu ilikuwa juu yake.

Hakukatika. Sikumgusa ngozi. Lakini upande mmoja alikuwa Babu, upande wa pili alikuwa mtu nisiyemjua. Nikaanza kulia. Akaomba kioo, akajitazama muda mrefu, mimi nikisubiri amwite mdogo wake. Akanirudishia kioo.

"Malizia, mke wangu," alisema. "Mwanaume haendi kanisani nusu."

Nikamalizia, machozi yananitoka, kamasi zinanitoka, mkono wa kushoto ukifanya ufundi wake. Nikampaka shabu ya kutuliza ngozi, akavaa koti, tukatokeza sebuleni. Bibi akaweka sinia chini. Shangazi alikuwa amesimama katikati na shela lake, akamkazia macho baba yake, uso ambao hakuwahi kuuona tangu azaliwe. Akasogea, akanyoosha kidole, akamgusa mdomo wa juu.

"Baba," alisema, "kumbe mdomo wangu huu ni wako."

Mdogo wake Babu akainuka, akaanza kuvua tai bila kuambiwa. Babu akamshika Shangazi mkono, wakatoka wawili, na ngoma za lizombe zikawapokea mlangoni. Kanisani watu walinong'onezana kuuliza huyu mzee kijana ni nani. Bibi alijibu kwa sauti ya kusikika benchi tatu kwamba ni mchumba wake wa zamani amerudi, na mwenye wivu ajinyonge.

Leo vijana wetu wananyolewa saluni Majengo kwa mashine, macho kwenye simu, wakimaliza wanajipiga picha. Wanapendeza, sisemi. Wanangu nao wanampenda babu yao, baba yangu huyohuyo, ambaye sasa mikono yake nayo inatetemeka. Kila Jumapili wanampigia simu ya picha, wanamwona mpaka meno, wanamtania, wanacheka naye. Picha zake wanazo mamia. Babu yangu mimi aliacha mbili tu, zote zimefifia. Lakini nikifumba macho, viganja vyangu vinaujua uso wake kila kona. Juzi nikamuuliza kijana wangu, ndevu za babu yako ni ngumu au ni laini? Akainua macho kutoka kwenye simu, akafikiri, akafikiri, akasema hajui, hajawahi kumgusa.