Nilimficha Baba Mkwe Maji Yaliyokuwa Yakinitoka

Mwanangu nimemuua mimi. Nisemeni, nizomeeni, lakini niacheni niongee maana moyo umejaa.

Ni miaka ile wafanyabiashara binafsi walipoanza kufurika Rungwe kununua ndizi. Baba mkwe wangu, kule Kinyala, akapata pikapu kuukuu. Mume wangu alikuwa kibaruani Mbeya. Mimi nilikuwa na mimba ya miezi minane na bado nachuma chai.

Siku ya kwanza nililoa. Nikasema, si mvua tu! Huku kwetu nani anachuma chai akarudi mkavu? Nikabadili kitenge. Kikaloa tena, nikiwa ndani ya nyumba! Mkojo haukuwa, nilijua. Nesi wa kliniki alishatuambia: maji yakikutoka, au damu, au uchafu wenye rangi na harufu, njoo siku hiyo hiyo, usingoje uchungu. Nilimsikia kwa masikio haya haya. Nikangoja.

Siku ya tatu maji yakawa ya kijani, yananuka. Natetemeka kwa homa. Mtoto hachezi kama jana. Mama mkwe alikuwa matangani Mpuguso, tumebaki mimi na baba mkwe tu.

Sasa kwa sisi Wanyakyusa, hasa wazee wetu, mkamwana haonani uso kwa uso na baba mkwe wala hasemi naye. Akipita unajificha. Mzee alikuwa akipakia ndizi, akasema huku anautazama mgomba, "Nashuka Tukuyu. Kama humo ndani kuna mwenye shida, aseme."

Nilikuwa nyuma ya mlango, nimejitanda kitenge mpaka machoni. Ningemwambiaje mzee yule habari za huko chini? Nikazidi kujibana hapo hapo nyuma ya mlango. Pikapu ikaondoka. Ee Mungu wangu, ikaondoka!

Mama mkwe alirudi kesho yake. Alipoingia chumbani tu akapiga yowe. Nilipofikishwa hospitali, huko huko Tukuyu, walimtoa mwanangu akiwa ameshakufa. Kizazi kilikuwa kimeoza, nacho wakakitoa.

Baba mkwe alikuja wodini, akavunja mwiko, akanitazama usoni. "Mwanangu, si ungegonga hata mlango?" Akalia, mzee mzima!

Dada zangu, maji yakiwatoka msikae kubahatisha kama ni mvua au mkojo. Nendeni siku hiyo hiyo. Kama hakuna mwanamke karibu, mwambie mwanamume. Hata baba mkwe, mwambie! Mficha uchi hazai. Mimi nilificha, na sitazaa tena.