Kinanda Kisichopita Mlangoni

Adelina, umeniudhi. Umekuja kunitembelea siku mbili, umeniachia daftari na kalamu, umesema, "Mama mkubwa, andika habari za hiki kinanda," ukarudi zako Songea kana kwamba mie ni karani. Nimesoma madarasa mawili tu kwa masista, na mkono unauma. Lakini najua baba yako Albano anakusimulia vingine huko, kwa hiyo naandika.

Baba yako mkubwa, marehemu Kornelio, alikuwa mpishi wa Mzungu mmoja. Vita ya Hitla ilipokwisha, yule Mzungu akarudi kwao, akamwachia kinanda, hili pandikizi la piano. Wakati huo tulikuwa tunajenga hapa Keko, miti imesimama, udongo bado. Wanaume wanane wakakiingiza, ndipo tukakandika kuta. Mlango tukauweka wa kupita mtu. Hakuna aliyewaza kwamba kilichoingia siku moja kitataka kutoka. Kornelio alikuwaga akitoka kazini anakibonyeza kwa kidole kimoja, wimbo wa Bikira Maria, mstari mmoja tu, basi ameridhika.

Akafa mwaka wa hamsini na moja. Matanga yalipoanuliwa, baba yako akasimama mbele ya watu. "Shemeji, funga mizigo, twende nyumbani."

"Kurithi wajane padre amekataza."

"Sikurithi. Nakutunza."

Kutunzwa na shemeji nakujua: unapalilia shamba la mke wake mpaka unakufa. Kukataa waziwazi nikaona aibu, ndipo mdomo ukaniponza. Nikasema, "Siwezi kukiacha kinanda. Nitakitengeneza, watoto wa kigango wajifunzie."

Baba yako akacheka. "Basi aitwe fundi. Akisema kinatengenezeka, baki. Akisema kimekufa, kesho tunapanda gari."

Nikasema haya. Mbele ya watu wote nikasema haya.

Akaitwa Leodegar, seremala wa hapahapa Keko, Mhehe, mtani wetu sie Wangoni. Akakifungua kifua. Panya watatu wakaruka. Waya zimeliwa na kutu, na vinyundo vya ndani mchwa wamevigeuza unga. Akainama kama anachungulia, akaninong'oneza, "Dada, niseme kinafaa?"

"Sema ulichokiona. Mie sitetewi kwa uongo na Mhehe."

Akajipangusa mikono, akawageukia watu. "Kimekufa zamani. Hata kuni hakifai, kitazima moto."

Baba yako alikuwa ameshanyanyua furushi langu la nguo. Leodegar akaenda akajilaza mlangoni, kichwa huku, miguu kule.

"Ondoka, fundi."

"Nimesema kimekufa, sikusema kimezikwa. Maiti ya Wangoni anazika nani, si sie watani? Nawe unamtoa mfiwa kabla ya maziko! Watu wasio na adabu nyie, ndiyo maana tuliwapiga!"

Watu wakacheka mpaka wengine wakakaa chini. Baba yako uso ulimvimba, lakini mtani hakasirikiwi, naye anajua. "Haya, mtazika lini?"

"Kikipita mlangoni."

Wakapima kwa kamba. Hakikupita. Baba yako akapanda gari peke yake.

Unafikiri nilishinda? Huu mwaka wa saba. Ukuta wa nyuma mchwa wamekula miti yake, sasa umekiegemea kinanda. Nikikisogeza, nyumba inaanguka. Nikibomoa ukuta, njia ya maziko imepatikana, na mie nilisema haya: itabidi nimfuate baba yako. Mama yangu alipokufa huko Songea sikwenda kumzika. Mfiwa hatoki, na ningekanyaga huko, baba yako angesema nimejileta. Chumba ndicho hikihiki. Nalala ubavu, magoti yanagusa mbao. Mvua ikivuja, tone linaangukia waya mmoja uliobaki, kinalia. Leodegar akipita anapiga kelele, "Mfiwa, hujambo?" Namtukana, anacheka, anakwenda zake kwenye randa yake. Yeye ana pa kwenda.

Kumwomba baba yako anifungue, siwezi, hata meno yaniishe yote. Wewe unaweza. Msomee haya, usiruke mahali, hata pale pa shamba la mke wake, maana ni mama yako na anajua nasema kweli. Kisha aandike kwa mkono wake kwamba neno la siku ile limefutwa, na kwamba nikienda kwenye kaburi la mama yangu narudi kwangu. Barua hiyo usiipeleke posta. Ilete mwenyewe, pamoja na wanaume wanane na nyundo.