Muguu Moja Mbele ya Drapo

Niseme tu mapema: hii haya haikupata rafiki ya rafiki, ilinipata mimi mwenyewe, na batu ya mutaa yetu ya Kadutu ya ile wakati bakiniona mupaka leo banaanza kucheka mbele ya kunisalimia.

Wakati ya Zaïre nilikuwa fundi wa kinga (baiskeli, kama mwasema hivyo). Nilikata kinga moja ya zamani katikati, nikatengeneza ya gurudumu moja, nikajifunza kuipanda mupaka batoto wakachoka kunikimbilia. Sasa Feza, binti niliyetaka kuoa, akaniangalia akasema, "Miguu mbili umezoea. Muguu moja je?" Alikuwa anachokoza tu! Lakini mimi na kichwa yangu ngumu nikaibeba ile neno kama deni. Na siku niliyochagua kujaribu ni ile ile batonton yangu, bajomba na bandugu ya baba, walikuwa waende mangaribi na mbuzi kwa baba yake kumuomba. Huyo baba njo alikuwa chef wa kartier, mukubwa wa mutaa yetu, muzee wa koti ya abakosi iliyofungwa mupaka shingoni hata kwa jua kali, na drapo ya ofisi, bendera ya inchi, alikuwa anaipandisha yeye mwenyewe kila asubui.

Basi nikaenda mapema, barabara ya juu ya ofisi. Ile kinga haina gido ya kushika na mikono, unaigeuza na kiuno. Ukikanyaga na muguu moja, ya kuume, kila ukisukuma inakuvuta kuume, kisha pedali inapanda yenyewe na wewe unaomba Mungu ifike juu. Nilikuwa nimeenda metre kama makumi mbili, nafurahi kabisa, na firimbi ikalia.

Mulioishi ile wakati munajua. Firimbi ikilia, wimbo wa taifa ukianza, kila kitu inasimama: mama na beseni yake ya samaki ndogo za sambaza, kamio ya mizigo na shofa yake, mutu na kipande ya mukate mudomoni. Na mimi nilitaka kusimama, naapa! Lakini gurudumu moja inasimama wapi? Nikisimama naanguka, na kuanguka mbele ya drapo ni kosa pia. Nikawaza (angalieni ujinga) afazali niendelee polepole na heshima, macho mbele, mukono kwa kifua. Muguu moja, sasa na mukono moja.

Ikanivuta kuume, ikanivuta tena, ikaingia kwa lango ya ofisi, ikapita katikati ya mistari ya batu, na hakuna aliyesogea ju kusogea ilikatazwa. Mbele niliona mugongo ya chef, ameshika kamba, anatazama juu. Nikamukumbatia kiuno.

Yule muzee hakuachia kamba. Kifungo ya abakosi iliruka, kinga ikaanguka nyuma yangu kwa kelele, naye akaendelea kuvuta, taratibu, na mimi nimemushikilia kama mutoto mugonjwa, mupaka mwisho ya wimbo. Sikujua kama kumuachia ni kusogea! Feza alikuwa mu mustari, amesimama wima, machozi inamutiririka kwa kuzuia kicheko.

Wimbo ukaisha. Chef akafunga kamba, akaokota kifungo, akanigeukia.

"Sitwaye, hii kitu yako, freni iko wapi?" (Sitwaye ni kusema raia; ile wakati hatukuitana bwana.)

Nikamuambia breki haina.

"Basi uambie batonton yako babaki ku nyumba."

Akaingia ofisi. Njo hapo batu wakacheka, na Feza pia, lakini yake iliisha haraka kuliko ya wote. Batonton yangu, waliokuwa wamekwisha kupiga pasi nguo, wakakula mbuzi wenyewe, na hawakunipa hata mufupa.

Feza aliolewa na infirmier wa hospitali ya Kamanyola. Iliniuma sana, siwezi kudanganya. Nililaumu chef, nikalaumu firimbi, nikalaumu Feza na ulizo yake, lakini ni nani aliniambia nipande kinga siku ya kwenda kuomba binti ya batu?

Juma moja kisha harusi yake, wimbo imekwisha, nikaitoa tena. Muguu moja, kutoka Kadutu mupaka mutaa ya Nyawera, bila kuvutwa kuume hata kidogo. Niliposhuka nikageuka haraka kumuonyesha Feza, nikakumbuka. Nikarudi na miguu, nikaisukuma kando yangu, nikaivunja vipande siku ile ile, na tangu hapo mutu akiniuliza kama naweza, namujibu hapana.