Mtoto Aliyenenepa Kwenye Faili

Nakumbuka siku ile uvumilivu uliponiishia, mwanangu Igoki. Ulikuwa hujazaliwa. Karani wa utafiti pale hospitalini aliniita nitie sahihi ya mwisho. Akafungua faili iliyoandikwa "Mtoto wa Wanja", akatabasamu.

"Hongera, mama. Binti amefika kilo sita."

"Binti gani?"

"Si huyu wako, njiti, uliyemzaa kabla ya wakati."

Wangu tulikuwa tumemzika nyuma ya migomba huko Karurumo, miezi mitano kabla.

Nikamnyang'anya faili. Kila mwezi alikuwa na kilo zake. Mstari ulipanda vizuri, kama wa mtoto yeyote. Mwezi wa nne mtu ameandika: anacheka. Sikufichi, kwa dakika nzima nilitaka kuuliza analala wapi.

"Mama, wacha kelele, hiyo ni faili tu."

"Basi inyonyeshe."

Lakini kosa la kwanza lilikuwa langu. Nilikubali kuingia utafiti nikiwa na uchungu wa kuzaa, karatasi sikuisoma. Watafiti walitaka kujua kama njiti akibebwa kifuani, ngozi kwa ngozi, atakua vizuri nyumbani. Wiki moja baada ya kuruhusiwa, akafia kifuani kwangu. Kwetu kichanga aliyekufa hatajwi. Kwa hivyo walipopiga simu kumuulizia, nikasema, "Yuko sawa," nikakata. Walipaswa kuja kumpima kila mwezi. Hawakuja. Walijaza tu.

Nilipomwambia cucu yako, bibi huyu uliyepewa jina lake, aliendelea kumenya ndizi.

"Ulisema yuko sawa?"

"Nilisema, mama."

"Basi ndiyo maana amebaki mjini anakua. Nenda umrudishe."

Mwanangu, mficha maradhi kilio humfichua. Ukiulizwa habari za mtoto wako sema kweli, hata sauti ikikatika, kwa sababu kuna mama mwingine atabeba njiti na daktari ataufuata ule mstari wa uongo. Na usitie sahihi usichosoma. Mungu akupe watoto wa kulia kwa nguvu, na wauguzi wanaoandika walichokiona.

Sikutia sahihi. Nilipeleka barua kwa kamati ya maadili, nikasimama hapo mpaka ikagongwa muhuri:

"Mimi Wanja, mama wa marehemu, nalalamika kwamba binti yangu ameandikiwa uzito miezi mitano akiwa kaburini. Nakiri kwamba kwenye simu nilidanganya. Naomba aandikwe amekufa, na mstari wake ukomee pale alipokomea."